Siku 21 ufukweni na Bosi na Watasema

Nilipopiga simu kwenye nyumba ya wageni ya ufukweni kuuliza kama mbwa wanaruhusiwa, mama mwenye nyumba alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mbwa wa nini?"

Nikamwambia ni mbwa tu, wa kwangu, nakuja nao likizo.

"Wanalinda?"

Nikasema hapana, mmoja wao anaogopa hata mbuzi. Akacheka sana, akasema njoo mama, wanaruhusiwa, nafasi ipo tele. Ningekuwa na akili siku hiyo ningeishika ile "mbwa wa nini" na kuigeuza geuza, maana karibu kila kero niliyoipata kwa wiki tatu zilizofuata ilikuwa imejificha mle ndani.

Naandika kwa ajili ya mtu mwenye mbwa anayetaka kupumzika ziwani na hana wa kumwachia. Jina la hiyo nyumba ya wageni silitaji. Mwenyewe tuliongea uso kwa uso siku ya kuondoka na kuna mambo ameahidi kuyarekebisha, kwa hiyo sioni faida ya kumchafulia. Iko upande ule ukishaupita uwanja wa ndege wa Mwanza, njia ya kwenda Igombe na Kayenze: vyumba vichache, banda la jiko, mchanga, miamba, basi.

Mimi ni mhasibu wa ghala la vifaa vya ujenzi huku Nyakato. Sheria inanipa siku 28 za likizo kwa mwaka na mwaka jana nilizimalizia kwenye vikao vya harusi za watu. Safari hii nikasema hapana, naenda ziwani na mbwa wangu wawili. Bosi ni dume jekundu la kienyeji, miaka 6, mzito, mvivu, mwenye kuamini kwamba kila sahani ni yake. Watasema ni jike jeusi, sikio moja limesimama na jingine limelala. Jina alipewa na marehemu mama yangu, ambaye alikuwa na jirani yake wa kumfikishia ujumbe kila alipomwita mbwa ale. Jirani alihama, mama akatutoka, mimi nikabaki na jina. Hebu simama ufukweni saa kumi na mbili asubuhi uite "Watasema! Watasema!" mbele ya wavuvi wanaoshusha dagaa. Siku ya kwanza walinitazama. Siku ya pili mmoja akajibu kutoka kwenye mtumbwi, "Waache waseme, mama!" Kufikia wiki ya pili mwalo mzima, pale wavuvi wanaposhushia samaki, ulikuwa unaitikia.

Usafiri kwanza. Daladala usijaribu. Bajaji mbili zilifika getini, zikawaona abiria, zikageuza. Mwishowe nikapata kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kwa sh 40,000, mtoto wa kaka yangu, ambaye yuko kidato cha tatu na alikuwa kwenye likizo ya Juni, akakaa nyuma na mizigo akiwakumbatia wote wawili. Watasema alitapika tulipofika usawa wa uwanja wa ndege. Sikumlaumu, dereva alikuwa akiyakwepa mashimo kama anacheza rede.

Sasa bei. Chumba ni sh 45,000 kwa usiku, nikapatana hadi 35,000 kwa kuwa nakaa muda mrefu. Mbwa kila mmoja sh 3,000 kwa siku. Kwa siku 21 ikawa sh 735,000 za chumba na sh 126,000 za mbwa. Nikauliza ile ya mbwa inalipia nini.

"Banda," akasema, kwa fahari kidogo, akanipeleka kulionyesha.

Banda lilikuwa zuri kwa maana ya kwamba lilikuwa jipya. Mabati juu, mabati ubavuni, saruji chini, kitasa cha kufuli, mlango unaangalia magharibi. Ilikuwa saa tisa alasiri. Niliweka kiganja kwenye bati la ubavuni nikakitoa haraka. Ndani hapakuwa na bakuli la maji. Hapo ndipo nilipomwelewa mama wa watu. Kwetu hapa mbwa anajulikana kwa kazi: mchana anafungiwa asing'ate wageni, usiku anafunguliwa alinde. Aliposema "wanaruhusiwa" alikuwa na picha ya mbwa wa aina hiyo kichwani, akajenga kwa picha hiyo. Hakuwa mwongo. Lakini mimi nilikuwa naombwa shilingi elfu sita kwa siku ili wanyama wangu waokwe.

Tulibishana siku mbili, kwa adabu. "Mama, wakilala barazani wageni wengine watasemaje?" Nikamjibu mmoja tayari anaitwa hivyo hivyo. Hakucheka. Siku ya tatu akakubali walale barazani kwangu, wakiwa wamefungwa kamba usiku, na pesa ya banda akaendelea kuiandika kwenye daftari lake kila asubuhi kama kawaida. Hilo liliniuma mpaka mwisho.

Jambo jingine la kuuliza kwenye simu ni uzio. Niliambiwa upo. Ni kweli, pande tatu kuna ua wa minyaa mzuri, mnene, mbwa hapiti. Upande wa nne ni ziwa. Na upande wa ziwa, ukitembea hatua kama mia mbili mchangani, unaingia mwaloni.

Tulifika kipindi cha giza. Wanaokaa mbali na ziwa pengine hawajui: dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa taa, kwa sababu mwanga ndio unaowavuta juu. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa wanapumzika, wanashona nyavu. Kwa hiyo ukienda kipindi cha giza, kila asubuhi mchanga unageuka fedha tupu, dagaa wameanikwa mpaka kwenye miamba, na kina mama wameinama na mafagio wakiwageuza. Harufu yake kwa mbwa sijui niifananishe na nini. Fikiria mtu mwenye njaa anatembea juu ya pilau.

Siku hiyo ya tatu, saa nne asubuhi, mtoto wa kaka alikuja mbio. "Shangazi, Bosi amelala kwenye dagaa za watu." Nikadhani amelala kando. Hapana. Alikuwa chali, miguu minne juu, anajisugua mgongo kushoto kulia katikati ya dagaa walioanikwa na mtu, macho yamefumbwa kwa raha. Mwenye mali alikuwa amesimama na ufagio mkononi, haamini. Nikaanza na shikamoo, ingawa nadhani tunalingana umri. Hakuitikia. Nikaomba radhi. Akasema, "Mimi radhi sili." Alikuwa na haki. Akachukua sado, kile kindoo cha kupimia, akakusanya zote alizozilalia Bosi pamoja na zilizokuwa jirani, akapima sado mbili za kujaa na kichuguu juu, akataja bei ya dagaa waliokwisha kukauka wakati wale walikuwa bado wabichi nusu. Nikalipa bila kupatana, mara ya kwanza tangu nizaliwe. Halafu akanikabidhi mfuko: "Haya chukua, ni dagaa wako." Tukaondoka nao. Ndio waliowalisha Bosi na Watasema karibu wiki nzima, wamechemshwa na dona.

Yule mama tulikuja kuwa marafiki. Ndiye aliyenionyesha tofauti ya dagaa wa mchangani na wa kichanja: wa kichanja, walioanikwa juu kwenye wavu, hawana mchanga na mnunuzi anawalipia zaidi. Nikamuuliza kwa nini hana kichanja. Akanitazama kama nilivyomtazama mwenye banda. Miti na wavu vinanunuliwa.

Nyota ya nyumba ile ni mlinzi. Sijui analipwa kiasi gani lakini hakitoshi. Ni mzee wa Kisukuma, aliwahi kuvua sangara miaka mingi, na ndiye mtu pekee pale aliyewaangalia mbwa wangu akaona mbwa. Kila asubuhi "Mwangaluka, mama," kisha anawasalimia na wao. Siku ya kwanza tu alinipa masharti bila kuombwa. Wasiogelee kwenye matete, mamba hupenda mahali pa matete na mbwa kwake ni kitoweo chepesi. Wasikanyage miamba mchana, inachoma nyayo. Na mimi na kijana tusikae kwenye maji yaliyotulia yenye majani, hasa jua likiwa kichwani, kichocho kipo. Hilo la kichocho nililijua toka shule, lakini ukiona maji ya bluu na mtoto anaruka ndani unajisahaulisha. Tulikuwa tunaingia ziwani upande wa mchanga ulio wazi, penye mawimbi, na hata hapo si kwamba upo salama kabisa.

Kitu kimoja hakukisema, kwa sababu hakujua kwamba nitapita huko. Nyuma ya mwamba mkubwa wa kusini wavuvi wa sangara hukaa kutia chambo kwenye ndoano zao, zile kamba ndefu zenye ndoano kwa mamia. Siku ya kumi Watasema alikwenda huko kunusa. Nilisikia mlio mmoja mfupi, halafu kimya, na kimya ndicho kilichonitisha. Nilimkuta amekaa, mguu wa mbele wa kushoto ameuinua, ananitazama. Ndoano ilikuwa imezama katikati ya vidole viwili, kubwa, na kipande cha kamba kama shubiri kinaning'inia.

Mzee alikuja na plaizi. Aliniambia nikate upindo wa kanga yangu nimfunge Watasema mdomo, "hata anayekupenda atakung'ata leo." Nilimfunga. Kijana akalala juu ya kiuno chake. Nilidhani mzee atavuta, nikafumba macho, lakini hakuvuta. Ndoano ina kijino karibu na ncha, ukiivuta kinyume inachana nyama yote. Aliisukuma mbele. Polepole, kwa kidole gumba, mpaka ncha ikatokeza upande wa pili wa ngozi pamoja na kijino chake, akakikata kwa plaizi, tik, kikarukia mchangani, na kilichobaki kikarudi nyuma chenyewe kama sindano. Haikuzidi dakika moja. Watasema hakulia hata kidogo. Aliyelia ni kijana, na mimi kidogo. Tulimwosha kwa maji na chumvi, na jioni nikampandisha bajaji (dereva alikubali alipoiona kanga yenye damu) hadi kwa daktari wa mifugo mjini, akamchoma sindano ya kuzuia usaha. Sh 20,000 pamoja na dawa ya kupaka. Mzee nilimpa pesa akakataa, nikampelekea kilo mbili za sukari akapokea. "Wabeja sana," akasema, halafu akaitafuta ile ncha mchangani mpaka akaipata, kwa sababu kuna watoto wanapita pale peku.

Mama mwenye nyumba aliposikia alisema, "Aa, kule nyuma ndoano ni nyingi." Alijua! Bango dogo la mbao na rangi lingetosha.

Na kuna kitu alichopaswa kuniuliza, hakuniuliza: kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Nilikuwa nayo kwenye mkoba, zote mbili, zimepigwa mhuri, nikakaa naisubiri siku ya kuitoa kwa madaha. Haikuja. Mbwa wa mwaloni walikuwa wanaingia usiku kutafuta mabaki jikoni, hao hakuna anayejua walichanjwa lini au kama walichanjwa. Mahali panapotoza pesa ya mbwa paanze na kadi. Kama wewe unakwenda popote na mbwa, hakikisha chanjo ya mwaka huo imechomwa kabla hujafunga mizigo, usisubiri kuulizwa.

Chakula sasa, na hapa sina neno baya. Sato wa kubanika kwa sh 12,000, mkubwa, amepasuliwa mgongo, ndimu, pilipili, ugali wa kushiba, kachumbari iliyokatwa nyembamba na mtu anayejali. Asubuhi chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Mpishi alikuwa anawatengea mbwa chungu chao cha mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kutolewa. Bei rahisi na nyama bado ipo shingoni. Ila mimi na kijana tulikuwa tunakaa jioni na sinia tukichambua kwa vidole, mwiba mmoja mmoja, maana mfupa wa sangara ukikwama kooni mwa mbwa saa nne usiku kule utamwita nani.

Jumamosi wanaweka spika kubwa nje na vijana wanatoka mjini. Watasema aliingia uvunguni mwa kitanda na hakutoka hadi Jumapili. Kama mbwa wako anaogopa kelele, omba chumba cha mwisho, kile cha karibu na minyaa.

Kulikuwa na mgeni mwingine, mzee wa Kiislamu kutoka Tabora aliyekuja kumwangalia mwanawe mgonjwa. Siku ya pili alinisubiri nje ya chumba. Nikamwamkia. Akaniambia kwa upole kwamba yeye hana ugomvi na mbwa, lakini mate yao yakimgusa au kugusa chombo chake inabidi aoshe mara saba, moja kwa udongo, na bomba la uani ndilo analochukulia udhu. Tukapanga: mbwa wapite upande wa jiko, bomba liwe lake, na bakuli lao la maji nijaze ziwani. Wiki nzima hatukukosana. Siku anaondoka alisimama mbali kidogo akamwambia Bosi, "Haya bwana, tuonane." Nimetaja hili kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ananitishia na "wageni wengine", kumbe mgeni mwenyewe alihitaji dakika tano za mazungumzo.

Bosi alipunguza kilo, nadhani mbili. Sababu ni mijusi. Kwenye ile miamba wapo wale wenye kichwa chekundu na mwili wa bluu, ambao hata wataalamu wamewapa jina la Mwanza, Agama mwanzae. Wanapanda juu ya jiwe, wanapiga pushapu mbili tatu, wanamtazama. Kila asubuhi kabla jua halijachoma alikuwa anatimka, anapanda, anateleza, anarudi. Siku 21, mijusi sifuri.

Na usiku. Huku Nyakato usiku ni malori. Kule, kipindi cha giza, taa za dagaa zilikuwa zinawaka ziwani kwa safu, ungeapa kuna mji umeota majini. Zamani zilikuwa karabai, mzee alisema ungezisikia zikivuma kama nyuki ukiwa mtumbwini. Sasa nyingi ni za sola na betri, kimya. Upepo wa nchi kavu unapoanza kuvuma kuelekea ziwani baridi inaingia, ni Juni, unajifunika blanketi barazani na mbwa wawili wamekulalia miguuni, wananuka dagaa. Mara mbili wale wadudu wadogo wa ziwani walikuja kama moshi, asubuhi chini ya balbu kulikuwa na rundo la kuzoa kwa beleshi. Watasema aliwalamba. Sikuuliza.

Siku ya kuondoka tulikaa na daftari. Nikamwambia: banda sikulitumia, sh 126,000 hizo zinanisumbua. Akahesabu kidole kwa kidole, akarudisha 80,000, nyingine akasema ni ya maji na usumbufu. Nikamwambia vilivyobaki nunulia kivuli, panda mti mbele ya banda, toa bati la upande mmoja uweke wavu, weka bango kule kwenye ndoano. Akaandika. Akauliza tena, safari hii kwa dhati, "Kwa hiyo hao ni wa kukaa nao tu?" Ndiyo mama, wa kukaa nao tu.

Nimeomba nafasi ya Juni ijayo, siku 14, chumba cha mwisho, bila banda. Mimi na kijana tutakwenda kupima kichocho. Mtu wa maabara alisema tusiwahi, tusubiri kama wiki sita, kwa sababu mayai hayaonekani mapema. Mguu wa Watasema umepona kabisa. Anachechemea tu akiniona nakata nyama.